Vigingi vya Njano

Restituta anasema Thobias alikuwa na sigara mdomoni. Anasema alikuwa amelewa tangu asubuhi, akainama kuchungulia shimo la ndizi, sigara ikamponyoka, moto ukapanda mpaka juu ya migomba, na Thobias akaruka kama chura aliyemwagiwa maji ya moto. Hapo kwenye chura ndipo watu wanapocheka, kwa hiyo hapaachi. Amesimulia kisimani, amesimulia mnadani, na Jumapili moja baada ya misa aliwasimulia watu waliotoka Ntobeye. Ntobeye ndiko kwao Francisca, mchumba wa Thobias.

Restituta, au Mama Happy, ni jirani yetu hapa Nyakisasa. Si mtu mbaya. Siku ile hakuwepo, alikuwa amepeleka kuku mnadani, akarudi akakuta moshi na watu wamejaa, basi zile sehemu alizozikosa akazijaza mwenyewe.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa jiko nachambua maharage, hatua kama ishirini kutoka kwenye shimo. Thobias havuti sigara. Siku ile hakuwa ameonja chochote. Kiberiti alikuwa nacho kwa sababu shimo la kuivishia ndizi za pombe lazima lipashwe moto kwanza, kila mtu wa huku anajua, na Restituta anajua. Na ndizi zenyewe zilikuwa za rubisi, pombe ya kupeleka kwa akina Francisca.

Yote hayo ningeweza kuyasema jioni ile ile. Sikuyasema, kwa sababu ukianza kusema ulichokiona, watu wanakuuliza na kilichotangulia.

Kwetu ni Biharamulo. Niliishia darasa la saba, nikakaa nyumbani, nikaolewa huku Ngara, sasa ni mwaka wa nne. Mume wangu Erasmus anapakua malori Rusumo na anakuja mara mbili kwa mwezi. Nyumbani tunabaki mimi, mama mkwe wangu Febronia, na Thobias, mdogo wake Erasmus. Mama mkwe huwaambia wageni kwamba mkwe wake ana macho kuliko mdomo. Anasema kwa kunisifu.

Mwaka juzi kaya tisa za hapa ziliungana zikajenga banda moja la ng'ombe na mtambo wa gesi ya samadi. Samadi inachanganywa na maji, inaingia kwenye shimo la saruji lililofunikwa, gesi inatoka inapita kwenye mabomba ya plastiki yaliyofukiwa ardhini mpaka kwenye jiko la kila kaya. Bomba letu linatoka bandani, linakata shamba la migomba, linaingia jikoni.

Aliyeyafukia ni fundi Anatoli wa Biharamulo mjini. Siku ya kumaliza alituweka wote bandani, akasema hatatoka mpaka tumeshika.

“Bomba halionekani,” alisema. “Kinachoonekana ni vigingi vyangu vyenye kichwa cha njano. Mtu akitaka kuchimba chochote, hata shimo la mgomba mmoja, ananipigia simu kwanza. Hatua moja kila upande wa kigingi, jembe na sururu marufuku. Hapo ni mkono na mwiko, polepole, kama unatafuta shilingi iliyoanguka kwenye unga. Na ukisikia harufu ya mayai yaliyooza?”

“Hatuwashi kitu,” tukajibu kama watoto wa darasa la pili.

“Halafu?”

“Tunafunga koki bandani.”

“Na mwenye mafua je?” Thobias akauliza kutoka nyuma.

“Mwenye mafua aoe haraka, apate wa kumnusia.”

Watu walicheka sana, maana Thobias alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutafuta mchumba. Mimi nilicheka pia, lakini nilikuwa nahesabu. Kwenye shamba letu vigingi vilikuwa vitatu: kimoja karibu na kona ya jiko, kimoja katikati, kimoja kwenye mgomba mkubwa wa mpakani. Vilikuwa vya mkaratusi.

Mwezi wa nne mwaka huu mvua haikutupa nafasi. Ng'ombe wawili waliugua, samadi ikapungua, gesi ikawa inawaka kama mshumaa unaokaribia kwisha. Kuni zote zilikuwa zimelowa. Mama mkwe alikuwa na malaria, anatetemeka chini ya blanketi mbili, anataka uji wa moto amezee dawa. Nilijifunika gunia nikatoka kutafuta chochote kikavu. Vile vigingi vilisimama chini ya migomba, majani yamevikinga. Nilikitikisa cha kwanza, kikatoka kama jino la mtoto. Nikavichukua vyote vitatu.

Nilikata vichwa kwa panga, kwa sababu rangi ikiungua ingenuka na mama mkwe angeuliza. Miti nikaipasua nikaiweka jikoni. Ikawaka vizuri. Vile vichwa nikavitia kwenye kopo la kimbo lililokwisha, nikalisukuma nyuma ya mtungi.

Nilijiambia mvua ikikatika nitachonga vingine. Mahali nilipajua. Mvua ikakatika, nikaingia kwenye kuvuna maharage. Kila nikipita pale nasema kesho. Halafu majani yakaota, hata mimi mwenyewe ikawa mpaka nisimame kwenye kona ya jiko nipime kwa macho ndipo nipaone.

Mwezi wa saba Minani, baba yake Francisca, alileta jibu la posa. Amekubali. Tupeleke pombe, ndugu zake wakae wanywe na ndugu zetu, na ndoa itafungwa mwezi wa tisa. Thobias hakutaka kununua pombe ya mtu. Alitaka mkwewe anywe aliyoitengeneza yeye, kuanzia ndizi mpaka mtama wa kuchachulia.

Shimo letu la zamani la kuivishia lilikuwa limebomolewa na mvua. Asubuhi ile alizunguka shambani anagonga ardhi kwa jembe, hapa pagumu, hapa pana mawe. Kigingi hakukiona hata kimoja, na kumpigia fundi hakukumbuka. Alipofika katikati ya kona ya jiko na mgomba wa mpakani, jembe likazama.

“Shemeji, umeona? Udongo huu ni kama unga. Hata ardhi inataka nioe.”

Nilijua kwa nini ulikuwa kama unga. Ulikwisha kuchimbwa mara moja ukarudishwa.

Nilisimama, ungo mkononi. Maneno yalikuwa tayari: shemeji, si hapo. Lakini nyuma yake niliyaona mengine yanakuja: kwa nini si hapa, umejuaje, na vigingi viko wapi. Mama mkwe alikuwa uani pale pale anaanika mtama. Nikakaa tena. Nikajiambia labda bomba lilipita upande wa chini kidogo. Nilikuwa najua halikupita upande wa chini.

Thobias alichimba mpaka shimo likamfika magotini. Akanyanyua kichwa, akaniona namtazama.

“Unaniangalia kama mkaguzi wa shule. Shimo halijatosha?”

“Linatosha,” nikasema.

Hilo ndilo neno nililosema siku ile. Linatosha.

Akainama kusawazisha chini. Nikasikia jembe limegonga kitu, akasema kuna mzizi mgumu, akaongeza jembe mara mbili tatu, akaacha. Akatupia majani makavu ya migomba, akanawa, akaja kula. Alikula viazi na maharage akituchekesha na habari za Minani, kwamba mzee huyo anaonja pombe kwa kufumba jicho moja, kwa hiyo lazima iwe nzuri ya kumfumba yote mawili. Tulikaa kama saa nzima.

Harufu ilikuwepo. Lakini juzi yake tulikuwa tumemwagia migomba tope linalotoka kwenye mtambo, shamba zima lilinuka. Mama mkwe akasema, “Leo tope hili limezidi.” Nikamjibu ndiyo mama, limezidi.

Thobias akaenda na kiberiti.

Sikusikia mlipuko kama wanaousema watu. Nilisikia kitu kama mtu anayekung'uta blanketi zito, mara moja. Halafu nikamwona anarudi kinyumenyume, mikono mbele, shati linawaka begani, na shimoni moto umesimama palepale hautaki kushuka. Mama mkwe alimkimbilia na khanga. Mimi sikumkimbilia. Nilikimbilia bandani nikafunga koki, na niliporudi moto wa shimoni ulikuwa umelala.

Kesho yake Anatoli alikuja kwa pikipiki. Thobias alikuwa amekwisha kupelekwa hospitali, mikono yote miwili na shingo upande wa kushoto. Fundi aliingia shimoni, akafukua kwa vidole, akatuonyesha bomba lililopasuka.

“Koki alifunga nani?”

“Zita,” watu wakasema.

Akanitazama. “Basi kuna mtu mmoja alinisikiliza. Usingefunga, jiko hilo na nyumba vingekwenda.”

Wanakikundi walipiga makofi. Mwenyekiti akapendekeza hapo hapo niwe mwangalizi wa bomba, kila atakayetaka kuchimba apitie kwangu kabla ya kumwita fundi. Nikapigiwa makofi tena. Nilikuwa naangalia vidole vya miguu yangu, na mtu mmoja akasema, mnaona, hata sifa hazimpandi kichwani.

“Vigingi vyangu vya hapa viko wapi?” Anatoli akauliza.

Macho yangu yalikwenda jikoni yenyewe, nikayarudisha.

“Atakuwa amevitupa mwenyewe apate nafasi,” akasema Restituta. “Mlevi anaona kigingi?”

Hakuna aliyempinga. Habari ya sigara ilianzia hapo.

Thobias alilala hospitali wiki mbili. Aliporudi mikono ilikuwa imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko, kama mtu aliyevaa soksi mikononi. Mama mkwe mikono yake inatetemeka tangu ile malaria, basi kumlisha ikawa kazi yangu. Asubuhi uji, mchana ndizi za kupondwa, jioni uji tena.

“Shemeji, kijiko kimejaa mno. Unanilisha au unamwaga zege?”

“Fungua mdomo, acha maneno.”

“Francisca akikuta unanilisha hivi atafunga mzigo arudi kwao.”

“Bado hajaja, atarudije?”

Alicheka, kisha akashika shingo kwa bandeji kwa sababu kucheka kulimvuta kovu. Mimi nilikuwa naangalia kijiko. Kila siku mara tatu nilikuwa karibu na uso wake kiasi cha kuona ngozi mpya ya rangi ya waridi inavyoota sikioni, na kila siku niliposimama na bakuli tupu alisema, asante shemeji.

Halafu likaja neno kutoka Ntobeye. Minani hatampa binti yake mlevi anayechezea moto kwenye gesi. Lakini kwa kuwa alikuwa amekwisha kusema ndiyo, atakuja Jumapili asikie kwa masikio yake, na akitoka hapo neno lake litakuwa la mwisho.

Siku hiyo Thobias hakufanya utani. Alikula nusu bakuli akageuza kichwa.

“Shemeji, nikuulize kitu. Wewe huwa unaona mambo. Vile vigingi niling'oa mimi?”

Kijiko kilikuwa hewani.

“Watu wote wanasema ni mimi,” akaendelea. “Na mimi asubuhi ile siikumbuki vizuri, tangu moto imekuwa vipande vipande. Usiku nalala nauona mkono wangu unang'oa. Sijui kama ni kweli au ni maneno yao. Labda niling'oa nikasahau.”

“Hukung'oa,” nikasema.

“Una hakika?”

“Nina hakika.”

Alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. “Basi Jumapili umwambie Minani hivyo hivyo. Watakuamini. Wewe ndiye wa koki.”

Nilimkombea uji uliobaki, akala wote.

Jumapili Minani alikuja na mdogo wake. Ni mzee mfupi, mwenye koti la kijivu na viatu vilivyofutwa vumbi getini. Nilipiga magoti nikasema shikamoo, akasema marahaba mama, hujambo, ndiwe Zita? Nimesikia habari zako. Tuliwapa viti uani. Thobias alikaa kwenye mkeka, mikono mapajani. Restituta naye akatokea, akisema amekuja kuazima chujio, na alipopewa chujio hakuondoka.

Minani hakuzunguka.

“Sikuja kugombana. Binti yangu analia, mama yake analia, mimi nataka kulala. Fundi aliweka alama, sivyo? Na kijana huyu amechimba juu ya alama. Mtu anayechimba juu ya alama ama amelewa, ama hana macho, ama ni mjeuri. Mniambie ni lipi kati ya hayo, nami nimwambie binti yangu.”

“Sikulewa, baba,” Thobias akasema.

“Na sigara?”

“Mwanangu havuti,” akasema mama mkwe. “Mama Happy, wewe siku ile ulikuwa mnadani. Mwambie mzee kwamba ulikuwa mnadani.”

Restituta akaligeuza chujio mikononi. “Mimi nasema nilichosikia.”

“Zita alikuwepo,” Thobias akasema. “Zita, mwambie.”

Niliingia jikoni. Nilisikia mdogo wake Minani akisema, huyo anakwenda wapi tena. Nikalivuta kopo nyuma ya mtungi, nikatoka nalo, nikapiga magoti kwenye mkeka, nikalipindua. Vichwa vitatu vya njano vikaanguka mbele ya viatu vya Minani. Kimoja kikabingirika mpaka kwenye goti la Thobias.

“Vigingi nilichoma mimi,” nikasema. “Mwezi wa nne, wakati wa mvua. Thobias hakuvikuta. Havikuwepo.”

Minani aliinama, akaokota kimoja, akakigeuza, akakinusa kama tumbaku.

“Ulichomea nini?”

“Uji wa mgonjwa. Kuni zilikuwa zimelowa.”

“Hukuvirudisha.”

“Sikuvirudisha.”

Alikiweka kichwa kile juu ya goti lake. Nilidhani amemaliza. Lakini ni mzee anayeuliza mambo mpaka mwisho.

“Siku anachimba ulikuwa wapi?”

“Pale mlangoni.”

“Unamwona?”

“Namwona.”

“Na unajua bomba linapita hapo.”

“Nilijua.”

“Ukasemaje?”

Ningeweza kusema sikusema kitu. Ingekuwa karibu na kweli. Thobias alikuwa ameinua uso ananitazama, na nikaona kwenye uso wake ile asubuhi inarudi, kipande kwa kipande.

“Aliniuliza kama shimo limetosha,” nikasema. “Nikamwambia linatosha.”

Kuku aliingia mkekani akadonoa kichwa kimoja cha njano, akaona si mahindi, akaondoka. Restituta alifunga khanga yake vizuri akaenda zake, chujio akaliacha juu ya kiti.

“Uji ule niliunywa mimi,” mama mkwe akasema. Alijisemea tu. Akasimama, akaingia ndani.

Minani alikohoa. “Kijana,” akamwambia Thobias, “mimi nilikuja kuuliza habari yako, na nimejibiwa. Huna kosa kwangu. Mikono ikipona utatengeneza pombe yako uilete. Francisca nitamwambia leo.” Akanyoosha mkono kumpa, akakumbuka bandeji, akamshika bega la kulia. Mimi hakuniambia kitu. Alipopita nilipokuwa nimepiga magoti alisimama kidogo, nikaviona viatu vyake vimesimama, kisha vikaendelea.

Niliwasindikiza kwa macho mpaka wakapinda kwenye njia ya Ntobeye. Nilimpigia Erasmus simu, haikupokelewa. Nilimpigia Anatoli, nikamwambia yote kwa maneno machache, nikamwomba aje na vigingi vingine, vya chuma akiweza, na amwambie mwenyekiti atafute mwangalizi mwingine. Akasema, “Nitakuja Jumatano. Msichimbe.”

Saa nane ilikuwa imepita na Thobias hakuwa amekula. Nilipika ndizi, nikaziponda na maharage, nikaongeza mafuta kidogo kama anavyopenda. Nilimkuta pale pale mkekani, mgongo ukutani, uso kwenye migomba. Vichwa vitatu vilikuwa bado vimelala mbele yake. Hakuwa na mikono ya kuviondoa, na hakuna aliyeviondoa.

Nilipiga magoti. Nilichota kijiko, nikakipuliza, nikakipeleka.

“Shemeji,” nikasema.

Hakugeuka. Kijiko kilikuwa karibu na midomo yake, mvuke unampanda puani, na midomo ilikuwa imefungwa.

“Shemeji, nakuomba ule. Unichukie baadaye, lakini ule.”

Mkono ulianza kuchoka, nikaushika kwa mkono mwingine. Mvuke ulipungua, kisha ukaisha. Nikakirudisha kile kijiko kwenye bakuli, nikachota kingine cha moto, nikakipeleka tena.

“Kidogo tu, shemeji.”